Chombo Kinachosema "Usiniamini"

Kuna swali moja nimekuwa nikilizungusha kichwani kwa muda sasa. Kwa kuwa ukurasa huu ni uwanja wetu sisi vijana wa kutupiana hoja, naomba nilimwage hapa tulichambue pamoja. Swali lenyewe ni hili: yupi mwaminifu zaidi, yule anayekupa jibu kila unapomuuliza, au yule ambaye siku nyingine anakwambia, "Leo usiniamini"?

Utasema swali jepesi. Hebu ngoja kwanza, ndugu msomaji. Nataka nilijibu kwa kupita mahali ambapo washairi wetu wamepita sana na wanafalsafa wetu wamepita kidogo: angani.

Sisi wa Jangwani ndege tunazijua. Chukua ramani ya jiji, weka rula kwenye barabara ya kurukia ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, halafu uchore mstari kuelekea kaskazini-mashariki. Mstari huo utakuja kupita karibu kabisa na mapaa yetu na ya Kariakoo kabla haujafika baharini. Ndiyo maana huku kwetu ndege ikipita chini, taa zinawaka, injini inanguruma, hakuna anayeinua kichwa. Mama ntilie anaendelea kupakua wali, wauza mitumba wanaendelea kupiga kelele. Tumezoea. Na mtu akishazoea kitu, huwa ameshakiamini bila hata kukaa chini na kuamua kwamba anakiamini.

Sasa huko juu, usiku, mawingu yamefunga, rubani anajuaje yuko wapi?

Zamani alitegemea vituo vya redio vya ardhini na vyombo vya ndani ya ndege vinavyopima mwendo. Hivyo bado vipo, na ni vizuri vipo. Lakini siku hizi anategemea pia setilaiti. Wamarekani wana mfumo wao wa GPS, Warusi wana GLONASS, Ulaya wana Galileo, na China wana BeiDou. Setilaiti za GPS zinazunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, kila moja ikiwa na saa kali isiyo na mchezo. Kila setilaiti inatangaza mfululizo: saa ni hii, na mimi niko hapa. Chombo kilichomo kwenye ndege kinasikiliza, kinapiga hesabu mawimbi yalichukua muda gani njiani, na kutokana na muda kinapata umbali. Ukizisikia setilaiti nne kwa pamoja, umejijua uko wapi na uko juu kiasi gani.

Kumbe basi mambo yote yamesimama juu ya muda. Mawimbi ya redio yanakwenda kwa kasi ya mwanga, mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Yakichelewa kidogo tu njiani bila chombo kujua, chombo kinadhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Kinakupa jibu la uongo kwa sauti ileile kiliyokupa nayo jibu la kweli. Hapo ndipo falsafa inapoanzia.

Kinachoyachelewesha ni nini? Kuna tabaka la hewa nyembamba huko juu, kuanzia kilomita 60 hivi hadi 1,000, ambalo jua linalipiga kwa mionzi yake mpaka elektroni zinabanduka kutoka kwenye atomi. Wataalamu wanaliita ionosfea. Usidhani ni kitu kigeni kwetu. Wazee wetu wamelifahamu tabaka hilo miaka mingi ila hawakuambiwa jina. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza mwaka 1957, na Sauti ya Ujerumani ilipofuata miaka ya sitini, sauti zile zilitoka Ulaya kwa masafa mafupi, zikagonga tabaka hilo, zikadunda kurudi chini, zikaingia kwenye redio ya mbao sebuleni. Mzee alikuwa anazungusha kisu cha redio taratibu, sauti inakuja, inazama, inakuja tena na mluzi. Kule kuzama na kuibuka ndiyo tabia ya ionosfea yenyewe. Na Redio Tanzania Dar es Salaam ilipowapa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika nafasi ya kuwasemesha watu wao, ni tabaka hilohilo lililobeba maneno kuvuka mipaka ambayo wenyewe wasingeruhusiwa kuivuka.

Kwa hiyo lililokuwa rafiki wa redio limekuwa mkorofi kwa setilaiti. Halijabadilika. Sisi ndio tumebadilisha tunachokitaka kutoka kwake. Zamani tulitaka litudundishie sauti. Sasa tunataka lipishe njia mawimbi yapite bila kuguswa, nalo haliwezi.

Na sisi wa pwani hii tuna mambo yetu ya pekee. Ikweta ya sumaku ya dunia haifuati ile ya kwenye ramani. Upande wetu wa Afrika inapita kaskazini, katika nchi ya Ethiopia. Mchana umeme wa huko juu unazinyanyua elektroni juu ya ikweta hiyo kama maji ya chemchemi, halafu zinateremka kwa pande mbili, kaskazini na kusini, zikifuata nyuzi za sumaku. Zinarundikana kiasi cha digrii 15 kila upande. Piga hesabu kutoka Ethiopia kuja kusini, utajikuta Dar es Salaam na Zanzibar. Rundo la kusini linatuangukia sisi. Katika miaka ambayo jua limechachamaa, marundo ya namna hii yanaweza kulichelewesha wimbi kiasi cha kuleta kosa la mita zaidi ya 15, na zaidi ya hapo kwa setilaiti iliyo chini karibu na upeo wa macho.

Halafu jua likizama, ndiyo kasheshe inaanza. Tabaka la chini linafifia haraka, la juu linapanda, na kama mafuta yaliyokaa chini ya maji yanavyotafuta kupanda, mapovu makubwa yasiyo na elektroni nyingi yanapenya kwenda juu. Kati ya saa mbili usiku na saa sita, hasa miezi ya Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, mawimbi yakipita kwenye mapovu hayo yanametameta kama nyota inavyometameta. Chombo kinaweza kuipoteza setilaiti moja, kikaipata, kikapoteza mbili. Watu wanatoka Maghrib, wanaelekea Isha, kahawa inamiminwa kijiweni, mbingu inaonekana shwari kabisa. Juu yake kuna kinyang'anyiro.

Wala usishtuke ukaanza kuogopa kupanda ndege. Ndege haianguki kwa sababu ya povu. Rubani ana vyombo vingine na ana mwenzake wa mnarani. Mimi sikuandika kukutisha. Nimeandika kwa sababu mafundi waliohangaika na tatizo hili walilazimika kujibu swali la maadili kwa hesabu, na majibu yao yana kitu cha kutufundisha.

Tuanze na tofauti ya kukosea na kudanganya. Mwanzoni kabisa, jeshi la Marekani lilikuwa linatia kosa la makusudi kwenye mawimbi ya GPS yaliyotolewa kwa raia. Mtu wa kawaida alipata jibu lenye kupotoka mpaka kiasi cha mita 100, wakati jeshi lao lilipata jibu safi. Kosa hilo liliondolewa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 kwa amri ya Rais Clinton. Lilipoondoka, kosa kubwa lililobaki likawa hili la ionosfea. Yaani walipoacha kudanganya, ndipo mbingu ilipobaki peke yake kama chanzo kikuu cha kosa.

Sasa niambie, kwa rubani yupi mbaya zaidi? Wengi kijiweni kwetu wanajibu haraka kwamba mdanganyifu ni mbaya kuliko mkosaji. Kwa upande wa dhamira ni kweli. Lakini tazama upande wa anayetegemea. Ule udanganyifu ulitangazwa. Kila fundi alijua upo na ukubwa wake unajulikana, akaweka akiba ya hesabu. Kosa la ionosfea halina nia mbaya hata chembe, lakini linabadilika saa hadi saa na halikupigii hodi. Nenda Kariakoo ukaulize. Mizani inayopunja gramu hamsini kila siku, mteja akishaijua, anaijumlishia kichwani, anasonga mbele. Mizani inayokwama siku za unyevu na siku nyingine haikwami, hiyo ndiyo inayovunja nyumba za watu, hata kama mwenye duka ni mcha Mungu.

Hapa nataka tukubaliane jambo moja: usafi wa moyo wa msema-neno hautoshi kumlinda msikilizaji. Sisi tumelelewa kusema "ana nia nzuri" kama vile hiyo inamaliza kesi. Haimalizi. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea, safari namba 007, iliyokuwa imetoka New York kupitia Anchorage ikielekea Seoul, ilipotea njia taratibu, ikaingia anga ya Urusi ya Kisovieti, ikatunguliwa na ndege ya kivita. Watu wote 269 walikufa. Walioitungua wana dhambi yao na sitaipunguza. Lakini kabla ya kombora kulikuwa na saa kadhaa za ukimya. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege haikuwa ikiongozwa na chombo chake cha kupima njia kama marubani walivyodhani. Ilikuwa inashika uelekeo mmoja tu wa dira. Hakuna aliyedanganya mle ndani. Watu walikaa wakiamini wako njiani, na hakuna kilichowaambia kwa sauti ya kutosha, "Ndugu zangu, hamko njiani." Ni baada ya msiba huo Rais Reagan alipotangaza kwamba GPS, ikikamilika, itakuwa wazi kwa ndege za raia.

Ndiyo maana wataalamu wa usafiri wa anga, wanapopima mfumo wa kuongozea ndege, hawaulizi tu kama uko sahihi. Wanauliza mambo manne. Je, ni sahihi? Je, unapatikana unapohitajika? Je, hautakatika katikati ya kazi? Na la nne, ambalo wamelipa jina la maadili kabisa: je, una uadilifu? Uadilifu kwao maana yake ni hii: mfumo ukishindwa kuaminika, utamwambia mtumiaji, na utamwambia mapema kabla hajadhurika. Kwa ndege inayoteremka kutua, katika viwango vya juu, onyo linatakiwa limfikie rubani ndani ya sekunde 6. Na uwezekano wa kumpotosha bila kumwonya usizidi kama mara 2 katika mara milioni 10 za kuteremka.

Wanafanyaje? Wanaweka vituo ardhini mahali panapojulikana barabara. Kila kituo kinajua kilipo, kwa hiyo kikisikia setilaiti inakiambia kiko pengine, kinajua kosa ni kiasi gani. Vipimo vinakusanywa, vinatumwa juu kwenye setilaiti nyingine, inayatangazia mandege masahihisho. Pamoja na masahihisho yanakuja makadirio ya shaka: tumesahihisha, lakini tunaweza kuwa tumekosea kwa kiasi hiki. Chombo cha ndege kinajichorea duara la shaka kuzunguka mahali kinapodhani kipo. Duara likizidi mpaka ulioruhusiwa, mwongozo unaondolewa. Rubani anaambiwa: tumia njia nyingine.

Wamarekani walizindua mfumo wao wa namna hiyo Julai 2003. Haikupita miezi minne, jua likalipuka. Tarehe 29 Oktoba 2003 ionosfea juu ya Amerika ilivurugika kiasi kwamba mfumo ule mpya, uliogharimu fedha za kutisha, uliacha kutoa mwongozo wa kuteremka kwa takriban saa 15. Kesho yake tena, takriban saa 11. Mtu wa magazeti angeandika kichwa cha habari: Mtambo Washindwa. Mimi nasema mtambo ulifaulu mtihani wake mgumu kuliko wote. Uliharibikiwa na mbingu, ukajua, ukasema, ukanyamaza. Hakuna ndege iliyopewa jibu la uongo likiwa limevaa nguo za ukweli.

Niliposimulia haya kijiweni, mzee mmoja anayekunywa kahawa yake bila kashata alinikatiza. "Mjukuu wangu," akasema, "huyo mtambo wako ni mwoga. Siku ya shida ndiyo siku ananyamaza. Rafiki gani huyo?"

Hoja ya mzee ni nzito, na haifai kuirukia. Kusema "sijui" ni rahisi mno. Mtu anayesema "sijui" kila siku hakosei hata mara moja, na hana faida hata moja. Mfumo unaojizima kila wingu likipita una uadilifu mtupu, lakini haupatikani, na rubani ataacha hata kuuwasha. Sisi wa Jangwani tunalielewa hilo kwa njia nyingine. Bonde la Msimbazi liko mlangoni petu. Kila msimu wa mvua tunaambiwa hameni, maji yanakuja. Siku nyingine yanakuja mpaka magotini yakarudi, siku nyingine hayaji. Mtu anaanza kuyasikia maonyo kama anavyosikia matangazo ya sabuni. Halafu Disemba 2011 yakaja kwelikweli, watu wakafa, nyumba zikazama, na wengi wakaenda kuanza maisha upya Mabwepande. Onyo linalolia ovyo linaua sawasawa na onyo lisilolia.

Kwa hiyo mzee ana haki kwa nusu. Uadilifu si kunyamaza tu. Ni kujua ukubwa wa shaka yako na kuutaja. Duara lisiwe dogo kwa majivuno, wala kubwa kwa uoga. Na hapo ndipo palipo na kazi, bwana, kwa sababu huwezi kujua ukubwa wa shaka yako bila kupima. Mtu anayesema "sijui" kwa kuwa hajapima ni mvivu. Mtu anayesema "sijui" kwa kuwa amepima akaona vipimo havikubaliani, huyo ni mwadilifu. Maneno ni yaleyale, watu ni wawili tofauti.

Kutoka hapo inazaliwa hoja ya haki, na hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Mbingu hazikugawiwa sawa. Marekani na Ulaya, kwa sehemu kubwa, ziko chini ya ionosfea iliyotulia. Huvurugwa zaidi siku za dhoruba. Sisi wa karibu na ikweta ya sumaku tunavurugwa hata siku ya kawaida, jua linapozama tu. Njia za kwanza za kukadiria kosa zilijengwa na watu wa anga tulivu kwa ajili ya anga tulivu. Ukileta mtambo wao kama ulivyo ukautundika juu ya Dar es Salaam, ukiwa mwadilifu utanyamaza mara nyingi zaidi kwetu kuliko kwao. Gharama ya ukweli inakuwa kubwa kwa yule ambaye mbingu yake haijapimwa.

Tufanyeje? Kuna wanaosema hayo ni mambo ya wakubwa, sisi tungoje. Siafiki. India iko chini ya rundo la kaskazini kama sisi tulivyo chini ya la kusini. Wahindi walitapakaza vituo vyao nchini kote, wakaipima ionosfea yao wenyewe, wakajenga mfumo unaoitwa GAGAN, na mwaka 2015 ukakubaliwa kuongoza ndege kuteremka. Afrika ya Magharibi na Kati, kupitia shirika lao la pamoja la ASECNA, walianza kurusha mawimbi ya majaribio mwaka 2020. Sisi Afrika Mashariki hatujajenga wa kwetu.

Na si kwamba pwani yetu ni ngeni kwa mambo haya. Jirani zetu wa Malindi wameona roketi kabla wengi wetu hatujazaliwa. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka kwenye jukwaa lao lililosimama baharini, ili kupima hewa ya juu ya ikweta. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ambayo Kenya inaadhimisha uhuru wake, ikarushwa kutoka hapohapo setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza mionzi ya nyota, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Fikiria hilo. Neno letu lilikwenda angani mapema hivyo, lakini elimu iliyorudi haikukaa shuleni kwetu. Tuliazima jina, tukasahau kuuliza vipimo.

Kutopima kuna madhara mengine ya karibu zaidi: unashindwa hata kulaumu sawasawa. Tarehe 10 Mei 2024 ilikuja dhoruba ya jua kubwa kuliko zote tangu ile ya 2003. Wakulima wa Marekani wanaoendesha matrekta kwa setilaiti walilazimika kusimamisha upandaji. Siku mbili baadaye, Jumapili ya tarehe 12, intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Ingekuwa rahisi sana kulibebesha jua mzigo huo, tarehe zinafuatana, hadithi inanoga. Ukweli ni kwamba zilikatika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, za EASSy na Seacom, kusini huko. Jua halikuhusika. Lakini mtu asiye na kipimo mkononi, ukimwambia jua, atasema jua. Ukimwambia mkosi, atasema mkosi. Hawezi kupinga wala kukubali kwa haki. Anafuata sauti iliyotangulia.

Sasa narudi kwenye swali la mwanzo, na jibu langu liko wazi. Yule anayesema "leo usiniamini" ndiye mwaminifu zaidi, kwa masharti mawili. Kwanza, awe amepima, asiwe anakwepa kazi. Pili, aseme mapema, wakati bado una nafasi ya kushika njia nyingine. Anayekwambia baada ya kutumbukia, huyo anaungama tu, na maungamo hayamtoi mtu majini.

Najua baadhi yenu mnasema moyoni: haya yanatuhusu nini sisi tunaoandika hadithi na mashairi? Yanatuhusu sana. Sisi ni watu wa kutuma mawimbi. Msomaji wetu yuko mbali, hatuoni, anapokea sentensi na kuikanyagia. Nawajua vijana wenzangu wenye kalamu kali ambao wanaandika kuhusu Kariakoo kana kwamba wamehesabu kila meza, kuhusu historia kana kwamba walikuwepo, kuhusu moyo wa mwanamke kana kwamba wameuingia na taa. Sauti haitetereki. Sauti isiyotetereka ndiyo tunayosifiana, tunaiita uandishi uliokomaa. Mimi sina hakika kama ni kukomaa. Tumefundishwa na shule kwamba mwenye shaka ni mtoro wa masomo, na siasa imetufundisha kwamba kiongozi hakosei. Kwa hiyo tumekua tukidhani shaka ni aibu ya kufichwa chini ya sentensi nzuri.

Rubani angekuambia tofauti. Yeye, usiku, mita mia chache juu ya mapaa yetu, na watu mia na kitu nyuma ya mgongo wake, hataki kifaa chenye sauti nzuri. Anataka kile ambacho taa yake nyekundu inafanya kazi.

Hoja ya mzee wa kahawa bado ninayo, na sidhani nimeimaliza. Aliniuliza tena kabla ya kuondoka: je, kama njia nyingine haipo? Kama chombo kimesema "usiniamini", na nje ni giza, na mafuta yanakwisha? Huko ndiko ukweli unakobaki bila msaada, na hapo mtu anahitaji kitu zaidi ya ukweli. Labda ujasiri, labda mwenzake wa mnarani. Aliye na jibu alilete. Kurasa zijazo zipo, na mimi nitakuwa msomaji wake wa kwanza.